Hempi, nazi, ufuta au alizeti: chupa ipi kwa kazi ipi?

Ndani ya wiki mbili watu watatu wamefika barazani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga, na swali moja. Wa kwanza ni mama mwenye mtoto wa miaka minne anayesumbuliwa na pumu ya ngozi. Ameona kwenye simu kwamba mafuta ya mbegu za hempi yanaiponya. Wa pili ni mzee aliyepimwa lehemu ikakutwa juu. Daktari amemwambia apunguze nazi, na mwanawe aliye ng'ambo anataka kumletea chupa mbili za hempi. Wa tatu ni kijana wa mazoezi, anatafuta omega-3. Wote wameniuliza kwa maneno yanayokaribiana: "Mama, niache haya yetu nichukue hayo?"

Niseme mapema kwamba mimi napika mafuta ya nazi na kuyauza, kwa hiyo msomaji anipime kwa hilo. Lakini hempi nayo nimeishika kwa mkono wangu. Dada yangu anaishi Hamburg, na miezi mitatu niliyokaa kwake chupa ya hempi haikukosekana jikoni. Nimeyanusa, nimeyala, na nimeyaharibu pia, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tuelewane juu ya jina

Hapa Tanga ukisema "mafuta ya katani" mtu atafikiri umechanganyikiwa. Kwetu katani ni singa za mkonge, ule mmea ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Miche iliyotoka Florida ilikuwa 1,000, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Mkonge haukamuliwi mafuta. Ila katika kamusi za zamani neno katani lilitajwa pia kwa mmea mwingine wa nyuzi, yaani hempi, na ndiyo maana baadhi ya tafsiri za mitandaoni zinasema "mafuta ya mbegu za katani". Mimi nitasema hempi ili mtu wa Muheza asije akaenda shambani kutafuta mbegu ambazo hazipo.

Hempi ni ndugu wa bangi. Kwa kweli ni mmea ule ule, *Cannabis sativa*, ila ni aina zilizochaguliwa kwa nyuzi na mbegu, zenye THC kidogo sana. THC ndiyo inayolewesha. Marekani, kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2018, huita hempi ule mmea usiozidi asilimia 0.3 ya THC. Mbegu yenyewe haitengenezi THC. Inayopatikana kwenye mafuta ni mabaki ya utomvu wa majani na maua ulioshika ganda. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 7.5 kwa kilo moja ya mafuta ya mbegu.

Lipo kosa jingine, na hili ndilo linalowala watu fedha. Mafuta ya mbegu za hempi si mafuta ya CBD. CBD ni kemikali nyingine ya mmea huo; hutolewa kwenye maua na majani, hupimwa kwa matone na huuzwa ghali. Mafuta ya mbegu ni mafuta ya kula, ya kijiko, kama ufuta ulivyo. Ukiona tangazo linataja mbegu halafu linaahidi kuondoa maumivu, usingizi mnono na kutibu kifafa, ujue limechukua sifa za chupa moja likazibandika kwenye nyingine.

Nitakavyopima

Nimeweka mafuta manne sahani moja: hempi, nazi, ufuta na alizeti. Nitayapima yote kwa mambo sita: kilicho ndani yake, namna yanavyostahimili moto na yanavyoonja, namna ya kuyatunza katika joto letu, kazi yake kwenye ngozi, kazi yake kwa moyo na lehemu, na mwisho upatikanaji wake pamoja na sheria. Penye utafiti nitautaja. Mahali pengine ni pafupi kwa sababu hapana mengi ya kusema.

Kilicho ndani

Hapa hempi inastahili heshima yake. Mbegu yake ina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake. Katika mafuta hayo, zaidi ya nusu ni asidi ya linoleiki, yaani omega-6, na asilimia 15 hadi 20 hivi ni alfa-linoleniki, yaani omega-3 ya mimea. Ukigawa, unapata kama tatu kwa moja, na mafuta ya mimea yenye uwiano huo ni machache. Kisha ina kitu adimu: asidi ya gama-linoleniki, GLA, kama asilimia 1 hadi 4. Hiyo GLA ndiyo iliyowavuta watafiti wa ngozi. Mafuta mazito, yale wataalamu wanayoyaita shibe, ni kama asilimia 10 tu. Rangi yake ya kijani inatokana na klorofili.

Nazi ni kinyume chake kabisa. Asilimia 90 hivi ni mafuta shibe, na karibu nusu ya yote ni asidi ya lauriki. Omega-3 hana. Omega-6 ni ya kulamba tu.

Ufuta unakaa katikati: asidi ya oleiki kama asilimia 40, linoleiki kiasi kama hicho au zaidi kidogo, shibe kama 15. Juu ya hayo una sesamini na sesamolini, viambato vinavyoyalinda mafuta yasichache upesi. Wazee wa pwani waliyaita mafuta ya uta, na walijua kwamba yanakaa.

Alizeti ya kawaida imejaa linoleiki, mara nyingi asilimia 60 au zaidi, pamoja na vitamini E nyingi. Omega-3 ni karibu na sifuri.

Sasa nimjibu yule kijana hapa hapa, maana swali lake linaishia kwenye sehemu hii. Omega-3 ya hempi ni ya mimea. Mwili unatakiwa uigeuze kuwa EPA na DHA, yaani omega-3 zilizomo kwenye samaki, na hugeuza kidogo sana. Vibua na dagaa vina EPA na DHA zenyewe, tayari. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 2008 jaribio la watu 86 wenye afya waliomeza gramu 2 za mafuta kila siku kwa wiki 12: kundi moja ya samaki, jingine ya mbegu za kitani (flaksi, si katani), jingine hempi, jingine alizeti. Waliomeza ya samaki, EPA na DHA zao ziliongezeka kwenye damu. Waliomeza hempi hawakubadilika. Kijana anayeishi hatua chache kutoka soko la samaki la Deep Sea ana duka la omega-3 mlangoni kwake. Hempi ina maana zaidi kwa asiyekula samaki kabisa, kwa imani, kwa mzio au kwa kutoipenda.

Motoni na mdomoni

Siku ya tatu kwa dada yangu niliamka mapema nikataka kukaanga mayai. Nikashika chupa ya kijani, nikamimina. Kabla vitunguu havijapata rangi, moshi ukapanda, na harufu ikageuka: ile ya karanga mbichi ikaondoka, ikaja harufu kama ya rangi ya mlango iliyopakwa jana. Dada akatoka chumbani mbio. "Wee! Hayo si ya moto hayo!" Mayai tuliyamwaga.

Ndivyo yalivyo. Mafuta ya hempi yaliyokamuliwa bila moto huanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto 165 hivi, na hata kabla ya hapo omega-3 yake imeanza kuharibika. Kikaango cha chapati huvuka kiwango hicho bila wewe kujua. Mahali pake ni juu ya kitu kilichokwishaiva au kisichopikwa: kachumbari, viazi vya kuchemsha, maharage yaliyoepuliwa. Ladha yake ni ya karanga na majani kwa mbali. Kwenye kachumbari ya embe bichi ilinipendeza kweli.

Nazi ya kupika nyumbani huvumilia hadi karibu nyuzi 175, na mafuta yake hayaharibiki ovyo kwa moto. Kuhusu ladha sina la kumweleza mtu wa pwani. Ufuta usiosafishwa uko karibu na hapo hapo, ila harufu yake ni kali na si kila mboga inaikubali. Kidogo kwenye wali au samaki wa kupaka, vizuri. Alizeti iliyosafishwa ndiyo ya moto mkubwa, hufika karibu nyuzi 230. Ile ya kukamua mashineni isiyosafishwa hutoa moshi mapema zaidi, na ina machujo yanayoungua chini. Nawaomba wauza maandazi, na nasema kwa mapenzi: alizeti ina linoleiki nyingi, na linoleiki ikichemshwa leo, kesho na keshokutwa kwenye karai lile lile hutoa kemikali mbaya. Yakishakuwa meusi na mazito, yamwage.

Kuyatunza katika joto la Tanga

Jambo hili watu hulipuuza, nami naona lina uzito kuliko yote kwa chupa inayosafiri.

Kadiri mafuta yanavyokuwa na omega-3 nyingi ndivyo yanavyochacha upesi. Hempi huchukia vitu vitatu: mwanga, joto na hewa. Klorofili ile iliyoipa rangi ndiyo hiyo hiyo inayoharakisha uharibifu mwanga ukiipiga, kwa hiyo lazima iwe kwenye chupa nyeusi. Ikishafunguliwa inakaa kwenye friji na kumalizwa ndani ya miezi miwili au mitatu. Sasa fikiria chupa iliyokaa kwenye begi, kisha uwanjani, kisha ndani ya basi kutoka Dar es Salaam mwezi wa pili, kisha rafu ya duka lisilo na friji. Inaweza kufika imeshachacha kabla ya kufunguliwa. Tabia hii ya kushika hewa ina faida yake kwingine: mafuta ya hempi hukauka yakawa ngozi ngumu, na kwa hiyo yametumika tangu zamani katika rangi na vanishi. Watafiti pia wameyageuza kuwa dizeli ya mimea. Ila jikoni tabia hiyo si rafiki.

Nazi ni mvumilivu. Yaliyopikwa vizuri hukaa mwaka na zaidi kabatini. Adui yake ni maji: ukiepua tui kabla halijakauka sawasawa, yale mashapo ya kahawia yakabaki laini badala ya kukatika, mafuta yatachacha ndani ya wiki chache. Na kwa sababu huganda chini ya nyuzi 24 hivi, asubuhi za mwezi wa saba, kusi ikivuma, chupa zangu dirishani huamka na ukungu mweupe ulioanzia chini. Lushoto huganda muda mrefu wa mwaka. Mwaka juzi nilinunua ndoo kwa muuzaji fulani ili nijazie oda. Kusi ilipokuja, chupa zangu zikaganda, zake zikagawanyika: nusu nyeupe chini, nusu maji maji juu. Yalichanganywa na mafuta mengine. Niliumia, kwa sababu nilikwishawauzia watu. Tangu siku hiyo kila ninachonunua huingia kwanza kwenye friji nusu saa. Si kipimo cha maabara, lakini yakibaki na tabaka lisiloganda nayarudisha.

Ufuta hukaa vizuri, kwa ajili ya vile viambato nilivyovitaja. Alizeti iliyosafishwa hukaa miezi kadhaa ikiwa kizani. Isiyosafishwa inunue kidogo kidogo.

Kwenye ngozi

Turudi kwa mama wa pumu ya ngozi, maana swali lake ndilo lililonifanya niandike.

Utafiti unaosambazwa ni wa kweli. Ulifanyika Chuo Kikuu cha Kuopio, Finland, ukachapishwa mwaka 2005 na Callaway na wenzake. Wagonjwa wapatao 20 wa pumu ya ngozi walipewa mafuta ya hempi kwa kipindi kimoja na ya zeituni kwa kipindi kingine, katika jaribio la wiki 20. Kipindi cha hempi ukavu na mwasho vilipungua, na walipunguza dawa ya kupaka. Habari njema. Lakini soma vizuri: walikunywa. Vijiko viwili vikubwa, mililita 30, kila siku. Hawakupaka. Walikuwa wachache. Na mililita 30 za mafuta ni kalori 240 hivi, nyingi mno kwa mtoto wa miaka minne.

Liko la pili. Ikiwa kilichosaidia ni ile GLA, basi mafuta mengine yenye GLA nyingi kuliko hempi yangepaswa kusaidia zaidi. Mwaka 2013 Cochrane, taasisi inayopitia tafiti za tiba, ilikusanya tafiti 27 za mafuta ya primrozi na boreji, mimea miwili ambayo mafuta yake yana GLA nyingi, yakimezwa kwa pumu ya ngozi. Hayakuonyesha nafuu iliyozidi ya dawa bandia. Kwa hiyo jaribio la Finland ni mlango uliofunguliwa kidogo, na bado hakuna aliyeingia ndani na kundi kubwa la wagonjwa.

Nazi je? Mwaka 2014 madaktari wa Ufilipino walichapisha jaribio la watoto 117 wenye pumu ya ngozi ya wastani na ndogo, waliopakwa mafuta ya nazi yasiyosafishwa au mafuta ya madini kwa wiki 8. Kipimo cha ukali wa ugonjwa kilishuka asilimia 68 kwa waliopakwa nazi na 38 kwa wengine. Hawa walikuwa watoto, na walipakwa, kama anavyotaka yule mama. Hata hivyo nazi haikuchukua nafasi ya daktari, na kwa ngozi yenye chunusi huziba vinyweleo. Wasichana wa kwetu wanalijua hilo.

Alizeti ina ushahidi unaoshangaza. Huko Dhaka, Bangladesh, watoto njiti walipakwa mafuta ya mbegu za alizeti hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na maambukizi ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari, kwa mafuta safi ya kiwango. Si ruhusa ya kumpaka kichanga mafuta ya karai. Lakini inaonyesha kwamba linoleiki inaipa ngozi kinga, na hempi nayo ina linoleiki nyingi. Kwa kupaka juu ya ngozi kavu ya mtu mzima hempi ni laini, haing'ang'anii, na dada yangu huipaka mikononi baada ya kuosha vyombo.

Ufuta ni wa kukanda. Mwali akisingwa, mama mzazi akikandwa, ufuta una nafasi yake tangu enzi. Ila angalizo moja: mzio wa ufuta upo na unaweza kuwa mkali. Marekani tangu tarehe 1 Januari 2023 hulazimisha utajwe wazi kwenye vyakula kama kitu cha mzio. Jaribu kwanza tone moja ndani ya kiwiko.

Moyo na lehemu

Mzee wangu, daktari wako hakukosea. Mwaka 2020 jarida la *Circulation* lilichapisha mapitio ya majaribio 16: waliokula mafuta ya nazi, lehemu mbaya, LDL, iliongezeka kwa takribani miligramu 10 kwa desilita wakilinganishwa na waliokula mafuta ya mimea yasiyo ya kitropiki. Nayasema haya mimi niuzaye nazi. Mchuzi wa tui mara moja kwa wiki na familia ni jambo moja. Kumimina mafuta ya nazi kwenye kila kitu kwa sababu umeambiwa ni dawa ni jambo jingine.

Lakini je, hempi inashusha? Watafiti wale wale wa Kuopio walichapisha mwaka 2006: watu 14 wenye afya, mililita 30 za hempi kwa wiki 4, kisha kitani kwa wiki 4. Uwiano wa lehemu yote kwa lehemu nzuri ulielekea kushuka kidogo kipindi cha hempi, lakini tofauti haikutosha kuaminika. Na lile jaribio la Kanada la gramu 2 halikuona badiliko la lehemu kabisa. Kwa maana hiyo, vidonge vya hempi vya gramu moja moja si dawa ya lehemu.

Kinachojulikana vizuri ni jambo lenyewe la kubadilishana: ukiondoa mafuta shibe ukaweka ya linoleiki au oleiki mahali pake, LDL hushuka. Hapa hempi, ufuta na alizeti wote wako upande mmoja. Alizeti na ufuta wanaweza kufanya kazi hiyo kila siku, jikoni, kwenye moto. Hempi inaweza kuifanya kwenye kachumbari. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kuanza kunywa mafuta yoyote kwa vijiko.

Kupatikana, gharama na sheria

Nazi iko mlangoni: Pangani, Muheza, Mkinga. Imepanda bei kila minazi inaposhambuliwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, lakini ipo, na unaweza kuipika mwenyewe ukajua kilichomo. Alizeti huja kwa wingi kutoka Singida na Dodoma, na mashudu yake yanalisha ng'ombe. Ufuta hutoka zaidi Lindi na Mtwara. Mbegu zipo sokoni, mafuta yaliyokamuliwa ulizia kwa wauzaji wa dawa za asili na mashine ndogo.

Hempi ni habari nyingine. Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilikubali mwishoni mwa 2018 mafuta ya mbegu zake yatumike kwenye chakula. Kanada imeruhusu kilimo chake tangu 1998. Sheria za huko hazivuki bahari pamoja na begi. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mmea wa bangi umo ndani yake. Chupa ina picha ya jani la bangi ubavuni. Ofisa anayeiona uwanjani hataanza kujadiliana nawe juu ya omega. Kabla mtu hajatumiwa hata chupa moja, aulize kwa maandishi Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na TBS ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia chakula na vipodozi. Jibu lao la maandishi ndilo la kushika mkononi.

Baharia na dereva anayepimwa mkojo kazini ana sababu ya ziada ya kujiepusha. Miaka ya 1990 tafiti za Marekani zilionyesha kwamba mafuta ya hempi ya wakati huo, yaliyokuwa na mabaki mengi ya utomvu, yaliweza kufanya kipimo kisome bangi. Siku hizi mbegu husafishwa vizuri zaidi. Lakini kazi ya meli ikipotea kwa kijiko cha kachumbari, nani atakurudishia?

Kwa hali yako

Mtoto ana pumu ya ngozi: endelea na dawa na ushauri wa daktari wa ngozi, na kwa kulainisha, nazi safi isiyochanganywa ndiyo yenye ushahidi wa kupakwa watoto. Paka ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Vikitokea vipele au maji maji, acha na urudi hospitali. Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi anayeishi mahali hempi inaporuhusiwa anaweza kujaribu kuinywa kwa miezi miwili au mitatu, akipunguza mafuta mengine ili asinenepe, na akiandika mwasho wake kila wiki ili asijidanganye.

Lehemu iko juu: hamishia mapishi ya kila siku kwenye alizeti au ufuta, tui libaki la siku maalumu, samaki wa mafuta mara mbili kwa wiki. Hempi si lazima. Kama mwanao amekwisha kuahidi kukutumia zawadi, mwambie alete kitu kingine.

Asiyekula samaki na anaishi ng'ambo: hempi ni chaguo zuri, kijiko kimoja au viwili juu ya chakula kilichoepuliwa. Mwenye karai la maandazi: alizeti iliyosafishwa, ibadilishwe mapema. Anayekanda misuli au mzazi: ufuta, baada ya kujaribu mzio. Nywele: nazi, na wenye kichwa cha mafuta waipake nchani tu.

Na kama unasoma haya ukiwa Hamburg au Toronto, chupa imo jikoni kwako na hukumbuki uliifungua lini, mimina tone kwenye kijiko na unuse. Ikiwa inanuka karanga na majani, tumia leo na urudishe kwenye friji. Ikiwa inanuka rangi ya mlango, mwaga.